MX-5 ya zamani: zibua mirija kabla ya kupiga rangi

Kutu ya Mazda MX-5 ya 1989 hadi 1997 huanzia ndani, kwenye boksi la chini ya mlango, karibu na gurudumu la nyuma. Mara nyingi chanzo ni majani na vumbi vilivyoziba mirija miwili inayoshusha maji ya mvua kutoka paa la turubai, nyuma ya viti. Pitisha uzi wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi, taratibu. Waya mgumu hutoboa mrija, na hapo maji yataishia humohumo ndani. Kisha mimina kikombe cha maji kila upande: yatoke chini ya gari upesi. Pakishakauka kabisa, pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya boksi hilo. Bati likibonyea kwa kidole, puti ya kujazia mashimo haisaidii. Kata, uchomelee jipya.