Tegu la nguruwe: anzia chooni, si bandani

Nguruwe akigundulika ana tegu, yaani mnyoo bapa, mfugaji hulaumu chakula, banda, au aliyemuuzia kitoto. Choo hakitajwi, nacho ndicho chanzo.

Nguruwe huambukizwa kwa kula kinyesi cha mtu mwenye tegu tumboni, au majani na maji yaliyochafuliwa nacho. Kipande kimoja tu cha mnyoo kinachotoka na haja kubwa hubeba maelfu ya mayai. Ndani ya nguruwe, mabuu hupenya utumbo na kukaa kwenye misuli, ulimi, moyo na ubongo, yakiwa vifuko vyeupe vya maji. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, anapata tegu. Lakini akimeza mayai yenyewe, kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, vifuko huota mwilini mwake, hata kichwani. Hivyo asiyewahi kuonja nguruwe anaweza kuugua kifafa kwa sababu ya choo cha jirani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa palipoenea tegu, takriban asilimia 30 ya wenye kifafa wamekipata hivyo.

Wanunuzi hupima ulimi: nguruwe anabanwa, mti unapitishwa mdomoni, ulimi unavutwa kwa kitambaa, kisha vidole vinapapasa chini yake kutafuta uvimbe mdogo unaoteleza. Ukiupata, nguruwe anao. Usipoupata, hujajua kitu, maana mwenye vifuko vichache hupita. Kibaya zaidi, nguruwe aliyekataliwa mara nyingi huchinjwa usiku na nyama kuuzwa kimya kimya.

Kwa hiyo jenga choo chenye mlango unaofungika, na kila mtu shambani akitumie, vibarua na watoto pia. Nguruwe wakae bandani mwaka mzima. Kuwafungia msimu wa mazao tu na kuwaachia baada ya mavuno hakusaidii.

Dawa ipo: oksfendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Wengi hukosea kwa kutumia kipimo cha kondoo, ambacho ni kidogo mno. Mwite mtaalamu wa mifugo, na usichinje kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kuisha. Hata hapo, vifuko vilivyokufa huonekana kwenye nyama kwa wiki kadhaa.

Anayeona vipande vyeupe bapa kwenye haja yake aende kituo cha afya, asijinunulie dawa: prazikwanteli, dawa ya tegu, ikikuta vifuko ubongoni inaweza kuamsha degedege.