Fomu ya Ridhaa: Namna ya Kuisoma Kabla ya Kujiunga na Utafiti wa Afya

Kijana wa Malindi anayesoma Chuo Kikuu cha Pwani ni vigumu kumaliza masomo bila kuombwa, yeye au jamaa yake, kushiriki utafiti wa afya. Chuo hicho kiko Kilifi, mji uleule wenye kituo cha utafiti cha Kemri, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, kilichoanzishwa mwaka 1989, na kaunti yetu imekuwa uwanja wa majaribio makubwa. Hapa ndipo vyandarua vilivyotiwa dawa vilipojaribiwa katika miaka ya 1990 na kuonekana kupunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban thuluthi moja, na hapa pia chanjo za malaria za RTS,S na R21 zilifanyiwa sehemu ya majaribio yake. Ombi laweza kukufikia kwenye foleni ya zahanati ya chuo, au likizoni, mfanyakazi wa utafiti anapobisha hodi Barani au Muyeye baada ya alasiri akiwa na faili mkononi, na wazee wakakuita wewe uje usome kwa kuwa ndiwe uliyesoma.

Jambo la kwanza la kutenganisha ni utafiti na matibabu. Daktari anayekutibu huchagua analoliona bora kwako. Mtafiti hufuata utaratibu ulioandikwa kabla hajakuona, kwa sababu jibu analolitafuta bado halijulikani. Mfano mzuri ni jaribio la FEAST, lililofanywa katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo ya Kilifi, kwa watoto waliolazwa wakiwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri mwilini. Madaktari wengi duniani waliamini kuwa watoto wa namna hiyo wapewe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kinyume: katika saa 48 za mwanzo, walifariki zaidi ya watoto 10 katika kila 100 waliopewa maji hayo kwa haraka, ilhali kwa wasiopewa walifariki kama 7. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba ukijiunga utapata tiba bora kuliko ya hospitali, amekuahidi jambo ambalo yeye mwenyewe halijui.

Fomu nyingi za ridhaa, yaani karatasi unazotia sahihi kukubali kushiriki, ni ndefu kupita kiasi, na kwa maoni yangu urefu huo humlinda mtafiti kuliko mshiriki. Usianze na utangulizi unaosifu umuhimu wa utafiti. Anza na sehemu inayoeleza utakalofanyiwa: utachukuliwa nini, mara ngapi, wapi, kwa muda gani. Ukiimaliza, funika karatasi umweleze mfanyakazi wa utafiti kwa maneno yako mwenyewe ulivyoelewa. Akikusahihisha, rudia tena. Fomu ikiwa ya Kiingereza peke yake na anayeombwa ni shangazi yako asiyekijua, omba ya Kiswahili au ya Kigiriama, na usikubali kuwa mfasiri wa papo kwa papo, kwani neno moja ukilikosea ni yeye atakayedungwa sindano.

Damu ndiyo inayozua maneno mengi zaidi, na hofu ya mumiani haijatoka kabisa katika mitaa yetu. Dawa ya hofu hiyo ni vipimo. Uliza idadi ya mililita. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu mwilini, na anayejitolea damu ya kuwekewa wagonjwa hutoa kiasi cha mililita 450 kwa mara moja. Angalia pia vichupa vyenyewe vinapotolewa. Chenye kifuniko cha zambarau kina kemikali ya kuizuia damu isigande, ili chembe zake zihesabiwe au vimelea vya malaria vitafutwe. Chekundu kwa kawaida huachwa damu igande ili maji yake ya juu yapimwe. Kibandiko kinapaswa kuwa na namba yako ya utafiti, na si jina lako. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: damu itakayobaki itakwenda wapi? Huenda ikahifadhiwa kwenye friza kwa miaka mingi, ikatumika kwa utafiti mwingine, au ikasafirishwa nje ya nchi. Aghalabu kwenye fomu kuna kisanduku cha kukubali na cha kukataa hifadhi hiyo, na mtu anaweza kukubali utafiti akakataa hifadhi.

Sehemu ya pili inayohitaji utulivu ni ile inayosema kwamba washiriki watagawanywa makundi kwa kura. Maana yake ni kwamba si daktari wala wewe mtakaochagua nani apewe dawa mpya, na mara nyingi hakuna hata mmoja wenu atakayejua mpaka mwisho. Kundi linganishi, yaani lile lisilopewa dawa mpya, huweza kupewa kidonge kisicho na dawa, au kitu kingine chenye faida yake. Katika majaribio ya chanjo za malaria, wako watoto wa kundi linganishi waliopewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Uliza kundi hilo litapewa nini, na kama lenyewe litapata dawa mpya endapo itafaulu.

Ratiba nayo isomwe pamoja na kalenda ya hapa kwetu. Utafiti unaotaka umeze kidonge kila asubuhi kwa miezi mitatu ukiangukia Ramadhani, uliza mapema kama saa za dawa zaweza kusogezwa hadi baada ya futari, badala ya kuacha kimyakimya na kuharibu hesabu yao pamoja na afya yako. Mwanafunzi aangalie pia majuma ya mitihani, na aulize kama nauli ya matatu ya Malindi hadi Kilifi na kurudi italipwa kila anapohudhuria.

Chuoni kuna mtego wa peke yake: anayekuomba ushiriki anaweza kuwa mhadhiri atakayesahihisha karatasi yako. Ridhaa ya namna hiyo ina kasoro hata kama fomu imeandikwa vizuri. Unaweza kumwomba akutume kwa msaidizi wake asiyekufundisha, na ukikataa, alama zako hazipaswi kuguswa. Hojaji za simu zinazotumwa kwenye makundi ya darasa zichukuliwe kwa uzito uleule, hasa zikiuliza habari za mimba, virusi vya Ukimwi au msongo wa mawazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Hojaji isiyosema ni ya nani, majibu yatahifadhiwa wapi na nani atayaona, usiijaze.

Kuhusu vibali, tafuta kwenye fomu namba ya idhini ya kamati ya maadili, inayokagua utafiti kwa ajili ya usalama na haki za washiriki, na ya leseni ya Nacosti, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, pamoja na namba ya simu ya kamati yenyewe, siyo ya mtafiti tu.

Mtu asiyejua kusoma hutia alama ya kidole gumba mbele ya shahidi, na shahidi huyo mara nyingi utakuwa wewe. Basi ujue kazi yako: usiwe mmoja wa timu ya utafiti, usikilize maelezo yote tangu mwanzo, na usitie sahihi kama umeitwa kutoka jikoni dakika ya mwisho. Kwa mtoto, ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi halali, na mtoto mwenye kuelewa naye aulizwe. Bibi aliyempeleka mjukuu hospitali kwa huruma tu huenda asiruhusiwe kutia sahihi, hata kama anaishi naye.

Nakala ya fomu iliyotiwa sahihi ni haki yako. Ihifadhi nyumbani, kwa kuwa namba za dharura zimo ndani yake. Ukiamua kujitoa, huna haja ya kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kukatizwa kwa ajili hiyo. Ila kama ulikuwa unatumia dawa ya utafiti, mwone kwanza daktari wao, kwani ziko dawa zisizofaa kuachwa ghafla, na umuulize kama sampuli ulizokwisha kutoa zitaharibiwa au zitaendelea kutumika, kisha umwombe aliandike jibu hilo kwenye nakala yako na kutia tarehe.