Kanuni ya mkono wa kulia: weka kalamu chini kwanza

Kabla ya yote, weka kalamu mezani. Nimefundisha fizikia muda wa kutosha kuliona kosa hili likijirudia: mwanafunzi ameshika kalamu kwa mkono wa kulia, swali linauliza mwelekeo wa uga wa sumaku (eneo ambamo nguvu ya sumaku inafanya kazi) au wa kani, basi anainua wa kushoto kwa kuwa ndio ulio huru. Jibu linatoka kinyume, naye anaamini hajaielewa mada, kumbe ameielewa.

Kisha chora. Duara lenye nukta ni mshale unaokujia. Duara lenye msalaba ni mshale unaozama ndani ya karatasi. Ukiwaza ncha ya mshale na manyoya ya nyuma yake, hutazichanganya alama hizi.

Waya ulionyooka ndio rahisi. Ufumbate kwa mkono wa kulia, kidole gumba kikifuata mkondo wa umeme. Vidole vinavyouzunguka waya vinaonyesha uga wa sumaku unavyouzunguka. Mkondo ukija kwako, uga unazunguka kinyume cha mishale ya saa. Mkondo hapa ni ule wa kitabuni, unaotoka chanya kwenda hasi nje ya betri. Elektroni zinakwenda upande wa pili. Kwa koili, yaani waya uliozungushwa mizunguko mingi, kazi za vidole zinabadilishana: vidole vinafuata mkondo, na gumba linaelekea ncha ya kaskazini.

Penye shida ni kwenye kani inayoisukuma chaji inayosafiri ndani ya uga. Hapa mpangilio ndio kila kitu: mwendo kwanza, uga baadaye. Nyoosha vidole vinne kufuata mwendo wa chaji, zungusha kiganja mpaka vidole viweze kukunjwa kuelekea kwenye uga, halafu tazama gumba. Huko ndiko kani iliko. Ukianza na uga, utapata mwelekeo wa kinyume, hata kama mkono ni wenyewe.

Tuchukue protoni, yenye chaji chanya, inayokwenda kulia, na uga unaozama ndani ya karatasi. Laza mkono wa kulia juu ya karatasi, kiganja chini, vidole vikielekea kulia. Ukivikunja vinaingia kwenye karatasi, sawasawa na uga. Gumba linaelekea juu ya ukurasa: kani iko huko. Mkono ukikataa kukaa hivyo, usiukunje kwa nguvu. Geuza karatasi. Mishale yote inageuka pamoja, kwa hiyo hakuna kinachoharibika, na katika mtihani ni afadhali kugeuza karatasi kuliko kubahatisha.

Ingekuwa elektroni, yenye chaji hasi, fanya yote yaleyale, kisha mwishoni pindua jibu: kani inaelekea chini. Wapo wanaoshauri kuhamia mkono wa kushoto kwa chaji hasi. Siwafuati, kwa sababu mikono miwili ni nafasi mbili za kukosea. Kanuni ya Fleming ya mkono wa kushoto kwa mota ni sahihi, na swali likiitaja kwa jina itumie, lakini kwa mkondo ndani ya uga mkono wa kulia unaleta jibu lilelile: vidole kwenye mkondo, vikunje kuelekea uga, soma gumba.

Je, vidole vimeshindwa kukunjwa kwa kuwa mwendo na uga viko kwenye mstari mmoja? Hapo hakuna kani. F = qvB sin θ inasema hivyohivyo (F ni kani, q chaji, v kasi, B uga, θ pembe kati ya mwendo na uga), maana sin 0° ni 0.

Jipime kwa swali ambalo jibu lake limejulikana tangu 1820, mwanafizikia Ampère alipolionyesha muda mfupi baada ya mwenzake Ørsted kuona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme. Chora nyaya mbili sambamba, mikondo yote ikipanda juu ya ukurasa. Fumbata ule wa kushoto: kwenye waya wa kulia, uga wake unazama ndani ya karatasi. Sasa hamia waya wa kulia: vidole juu kufuata mkondo, vikunje ndani ya karatasi. Gumba linaelekea kushoto, yaani nyaya zinavutana. Ukipata kwamba zinasukumana, rudi ukague ulianza na nini, mkondo au uga. Kisha geuza mkondo wa waya mmoja na urudie. Safari hii lazima zisukumane.