Refa Akishika Sikio: Kuufuata Msimu wa Bundesliga kwa Sisi Tulioko Ujerumani

Jumamosi moja ya baridi, miaka michache iliyopita, nilikuwa jukwaa la kusimama pale Bochum, mikono mifukoni, pumzi ikitoka kama moshi wa jiko la mkaa. Wenyeji wakafunga. Mzee aliyekuwa kulia kwangu, ambaye msimu mzima hatujawahi kusalimiana, akanikumbatia na bia yake ikaishia begani kwangu. Halafu refa akashika sikio, kumsikiliza mwamuzi wa video. Uwanja ukanywea. Dakika ikapita, ikapita nyingine, watu zaidi ya elfu ishirini wanamtazama mtu mmoja aliyesimama pale kati kama anayesubiri kuitwa dirishani. Simu yangu ikatetemeka. Kaka yangu, yuko zake kibanda umiza Morogoro: "Kaotea huyo. Kidole cha mguu."

Yaani yule aliyetoa mia tano na kukaa kwenye benchi la mbao keshaona marudio mara tatu. Mimi niliyelipa yuro, nikapanda treni na kuganda kwa baridi, sijui hata kinachoangaliwa ni nini. Nikamwonyesha mzee ile simu, nikamwambia "Abseits". Akauliza nani kasema. Nikamjibu: kaka yangu, Tanzania. Punde refa akachora pembe nne hewani, ishara ya video, na bao likafutwa. Mzee akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelifuta, kisha akacheka hadi akakohoa. Tangu siku hiyo tunasimama pamoja, na refa akigusa sikio tu, ananigeukia: "Kaka yako anasemaje?"

Wengi wetu tukifika huku tunadhani mabao ndiyo yatakayotuunganisha na wenyeji. Mabao wanashangilia na watu wao. Kinachowafanya wamfungulie mdomo mgeni ni malalamiko, na malalamiko makubwa ya ligi hii yana jina: Videobeweis, ushahidi wa video. Lijue hilo vizuri, na kuanzia Agosti hadi Mei hukosi la kuzungumza na mtu kazini.

Tuanze na kalenda, maana hapo ndipo wageni wanapochanganyikiwa. Timu ni 18, mechi 34 kwa kila timu, na katikati kuna mapumziko ya majira ya baridi. Ijumaa kuna mechi moja saa 2:30 usiku. Jumamosi saa 9:30 alasiri ndiyo saa yenyewe, mechi kadhaa zinaanza pamoja. Saa 12:30 jioni inafuata mechi kubwa ya wiki. Jumapili zinamaliziwa zilizobaki. Hizo ni saa za hapa. Ukimwambia mtu wa nyumbani, ongeza saa moja wakati wa kiangazi na saa mbili wakati wa baridi, kwa sababu Ujerumani hugeuza saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Mechi ya saa 9:30 inamfikia mtu wa Nairobi au Dar saa 10:30 mwezi Septemba, na saa 11:30 mwezi Desemba. Mimi nilisahau mwaka wa kwanza, kaka akakaa kibandani saa nzima akitazama mieleka.

Mwisho wa msimu, timu mbili za mkiani zinashuka moja kwa moja. Ya 16 inacheza mchujo, nyumbani na ugenini, dhidi ya timu iliyoshika nafasi ya tatu katika daraja la pili. Usiudharau mchujo huo. Mei 2024 Bochum walipigwa 3-0 na Düsseldorf hapa hapa nyumbani, watu wakaanza kuaga. Siku nne baadaye wakaenda Düsseldorf, wakashinda 3-0 na kubaki kwa matuta. Na Wakenya wanaomkumbuka Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth, wajue alikuwa Wolfsburg kwa mkopo msimu wa 2017/18, na msimu huo Wolfsburg waliponea kwenye mchujo huo huo dhidi ya Holstein Kiel.

Kuhusu kutazama, ukweli ni kwamba ni ghali. Kuanzia msimu wa 2025/26, kwenye vituo vya kulipia, Sky wana mechi za Ijumaa na za Jumamosi moja moja, DAZN wana zile za Jumapili pamoja na matangazo ya Jumamosi yanayoruka uwanja hadi uwanja, yale wanayoyaita Konferenz. Kabla hujasaini mkataba wa mwaka mzima kwa hasira za kukosa mechi moja, kumbuka kwamba tayari unalipa: ile ada ya utangazaji ya yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, ile barua inayokukuta hata kabla hujanunua kitanda. Kwa ada hiyo una Sportschau, kipindi cha televisheni ya umma ARD, Jumamosi jioni yenye muhtasari wa mechi za alasiri, na una redio. Redio isikilize. Watangazaji wanapokezana kutoka viwanja vyote, na mmoja anamkatiza mwenzake kwa ukelele wa "Tor!", yaani bao, bila wewe kujua ni uwanja gani. Kijerumani changu cha mwendo kasi nilikipata humo, si darasani.

Jambo moja dogo: ukitazama kwa intaneti, zima arifa za simu. Picha ya intaneti inachelewa. Jirani wa juu mwenye dishi atapiga kelele kabla yako, na programu ya matokeo itakuambia bao limekataliwa wakati wewe bado unaona mpira uko kona.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video, iliingia Bundesliga msimu wa 2017/18. Usiku wa ufunguzi, Agosti 18, 2017, Bayern walipewa penalti dhidi ya Leverkusen baada ya video kutazamwa, Lewandowski akafunga. Siku iliyofuata mitambo ikagoma katika baadhi ya viwanja. Ndoa ilianza hivyo, na haijapata kutulia.

Waamuzi wa video hawakai uwanjani. Wamekaa Köln, mbele ya skrini, kwa mechi zote, na watu wamepaita Kölner Keller, yaani shimo la chini la Köln. Ukimsikia Mjerumani analaani "Keller", hazungumzii stoo ya baiskeli na mitungi ya jemu. Anazungumzia watu hao. Kazi waliyopewa mwanzoni ilikuwa ya mambo manne: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na refa kumwadhibu mchezaji siye. Na hata hapo, waingilie tu kama refa amekosea waziwazi. Maneno ya kushika ni "klare Fehlentscheidung", kosa la wazi. Kila ugomvi unaousikia baa unarudi hapo: lilikuwa la wazi au halikuwa? Anayeuliza "refa alikosea?" ni mgeni wa mjadala. Mwenyeji anauliza, "Keller waliruhusiwa kumwita?"

Kuna visa vitatu vinne ambavyo kila mtu anavijua, na ukivitaja kwa wakati wake utaonekana umekulia hapa.

Cha Mainz, Aprili 16, 2018, ndicho ninachokipenda. Mainz na Freiburg, kipenga cha mapumziko kimepulizwa, wachezaji wameingia vyumbani. Kule Köln mwamuzi wa video, Bibiana Steinhaus, ameona beki wa Freiburg kaunawa mpira. Refa Guido Winkmann akatazama skrini, akawaita watu watoke vyumbani. Wakarudi, De Blasis akafunga penalti, wakaenda tena mapumziko. Na kipindi cha pili hakikuanza kwa wakati kwa sababu mashabiki walijaza uwanja karatasi za chooni wakipinga mechi za Jumatatu. Usiku mmoja, vituko viwili. Mainz walishinda 2-0.

Cha Kiel ni cha Oktoba 2019, daraja la pili, mwaka VAR ilipoingia huko. Mchezaji wa akiba wa Kiel, Michael Eberwein, alikuwa anapasha misuli nyuma ya goli lao. Shuti la Bochum linatoka nje, naye kwa wema wake akausimamisha mpira kwa mguu ili uchezwe haraka. Tatizo ni kwamba mpira ulikuwa haujavuka mstari wote. Video ikatazamwa, penalti kwa Bochum, ikawa bao. Kisheria ni sawa kabisa. Mzee wangu wa jukwaani, ambaye ni Bochum damu, bado anasema aliona aibu kuishangilia.

Cha tatu usikitaje Dortmund kabla hujamjua mtu. Aprili 28, 2023, Dortmund wanaongoza ligi, wako Bochum. Karim Adeyemi anaangushwa ndani ya eneo la hatari. Refa Sascha Stegemann anapeta, Köln wanakaa kimya, mechi inaisha 1-1. Baadaye Stegemann mwenyewe alikiri kwamba ilikuwa penalti, na alipata vitisho kutoka kwa watu. Mei 27, siku ya mwisho, Dortmund wakatoka 2-2 na Mainz, Musiala akawafungia Bayern dakika ya 89 kule Köln, na ubingwa ukaenda Bayern kwa tofauti ya mabao, pointi 71 kwa 71. Ghalani ninakofanya kazi kuna jamaa wa Dortmund anayeendesha foklifti. Ukimtajia Bochum, anazima injini kwanza.

Na wakikuambia zamani mpira ulikuwa safi, waulize kuhusu Oktoba 2013, Hoffenheim na Leverkusen. Stefan Kießling alipiga kichwa, mpira ukapita nje, ukaingia golini kwa tundu lililokuwa kwenye wavu wa pembeni. Likahesabiwa. Leverkusen wakashinda 2-1, na mahakama ya michezo ikakataa mechi irudiwe. Teknolojia ya mstari wa goli ilikuja 2015. Hilo halina wapinzani wengi, kwa sababu saa ya refa inatetemeka, jambo limekwisha. Kinachowakera si mashine. Ni kusubiri, na kusubiri bila kuambiwa.

Kwa hiyo mimi binafsi nilifurahi Februari 2025 walipoanza kujaribu kumpa refa maikrofoni atangaze uamuzi kwa spika za uwanjani. Marefa wengine wanatangaza kama wanasoma barua ya kodi, lakini angalau tunasikia. Mashabiki sugu hawajaridhika. Utawasikia wakiimba kwamba mnauharibu mchezo wetu, na mabango ya kupinga VAR hayakosekani. Usiwaone wakorofi tu. Hao hao mwanzoni mwa 2024 walirusha mipira ya tenisi uwanjani wiki baada ya wiki mpaka ligi ikaachana na mpango wa kuleta mwekezaji. Huku shabiki akigoma, husikilizwa.

Ukienda uwanjani, nunua tiketi kwa klabu au kwenye soko lake rasmi la kuuziana, usinunue kwa mtu wa nje ya kituo cha treni. Tazama tiketi yako kabla hujalipa nauli, klabu nyingi zimeshaweka usafiri wa mji ndani yake. Begi kubwa kuliko karatasi ya A4 huwa linarudishwa getini. Katikati ya jukwaa la ultras, wale mashabiki sugu, usirekodi watu kwa simu, hawapendi, na hawatakuambia mara mbili. Akitokea mtu wa kukutolea matusi ya rangi, usimjibu peke yako. Mwite Ordner, yule wa jaketi linalong'aa, na waambie walio karibu nawe kwa sauti. Kwa uzoefu wangu, majirani wa jukwaani huchukua hatua haraka kuliko jaketi.

Kama pesa ni ndogo, nenda Regionalliga, daraja la nne. Tiketi ni rahisi, soseji ni ile ile, na hakuna VAR. Bao likiingia unashangilia papo hapo. Mara ya kwanza nilijikuta nimesubiri, namtazama refa sikio.

Jumatatu kazini, usianze na "refa mwizi". Hilo linafunga mazungumzo. Anza na swali: "Handspiel?" Kwenye mpira wa kuunawa hakuna Mjerumani mwenye jibu fupi. Atakuonyesha kwa mkono wake mwenyewe, bega lilikuwa hapa, kiwiko hapa, na chai itapoa. Ila ujiandae, mkono wa Cucurella wa Hispania, Stuttgart, Julai 2024, ule ambao Ujerumani walinyimwa penalti, lazima utatajwa.

Bochum walishuka daraja Mei 2025. Mechi za daraja la pili hazionyeshwi kwenye kibanda cha Morogoro, kaka sasa anatazama za wengine. Wikiendi moja baada ya kushuka kwetu, refa alishika sikio, mzee akanigeukia kwa mazoea. Simu ilikuwa kimya. Halafu ikatetemeka. "Vipi huko," kaka ameandika, "wamewapa?"