Kutundika spika ukumbini kwa kudumu: hesabu ya akiba ya nguvu

Anayenyanyua mzigo kwa winchi hukagua waya wake kila asubuhi. Spika ikishapanda kwenye kenchi, huenda isipandiwe ngazi tena kwa miaka. Ndiyo maana juu ya vichwa vya watu akiba ya mara 5, yaani waya unaokatikia kwenye mara 5 ya mzigo wake, haitoshi. Weka mara 10.

Usichanganye namba mbili. Mzigo wa kukatika ndio unaoukata waya mpya kwenye mashine ya majaribio. Mzigo wa kazi, unaogongwa kwenye chuma kama WLL, ni huo wa kukatika ukiwa tayari umegawanywa, mara nyingi kwa 4, 5 au 6. Karatasi ya mtengenezaji itakuambia ni kwa ngapi. Ikiwa ni 5 na unataka 10, ishia kwenye nusu ya WLL. Kifaa kisicho na namba kifungie kamba ya kuanikia nguo.

Halafu pembe. Spika ya kilo 60 kwenye nyaya mbili zenye pembe ya nyuzi 45 kutoka usawa wa sakafu: kila waya unabeba karibu kilo 43, si 30. Kwa nyuzi 30 kila mmoja unabeba 60 kamili. Sasa 43 × 10 = 430. Klipu za waya (vibanio vya tandiko na bolti ya umbo la U vinavyofunga kitanzi cha waya) hubakisha takriban 80% ya nguvu, hivyo gawanya kwa 0.8: waya usikatike chini ya kilo 540.

Waya hufaulu mtihani huu kirahisi. Kinachofeli ni viungo. Bolti ya jicho (yenye kichwa cha pete) iliyo na bega, yaani ukingo mpana chini ya pete, ikivutwa kwa nyuzi 45, hubaki na karibu 30% tu ya WLL yake. Isiyo na bega isivutwe kiupande kabisa. Klipu ziwe za chuma kilichofuliwa, tandiko likae upande mrefu unaobeba mzigo, U ikandamize ncha fupi. Waya hupungua unene ukishabeba, kwa hiyo rudia kukaza nati. Pini za skrubu za shakeli (pingu za chuma za kuunganishia) hulegezwa na mtikisiko wa besi: tumia bolti yenye nati na kipini cha kufungia. Waya wa pili wa usalama usilegee. Spika ikianguka hata sentimita 10, pigo lake ni mara kadhaa ya uzito wake.

Kutu haihesabiki kwa akiba. Mwaka 1985 huko Uster, Uswisi, dari la zege la bwawa la kuogelea lilianguka likaua watu 12: vyuma visivyoshika kutu vilivyolishikilia vilikuwa vimepasuliwa na kloridi. Juu ya bwawa la ndani, usitumie 304 wala 316, aina za kawaida za chuma kisichoshika kutu, hata ukizidisha mara 20.