Matone matatu ya kuonyesha mvutano wa molekuli

Mwalimu au mwanafunzi, chukua kipande cha kioo kikavu. Dondoshea tone moja la asetoni (ipo kwenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, soma lebo kwanza), moja la spiriti (ethanoli) na moja la maji, yalingane ukubwa. Asetoni hukauka kwanza, maji mwisho. Vimiminika hivi huchemka kwa nyuzi 56, 78 na 100 za Selsiasi. Asetoni haina haidrojeni iliyoshikwa na oksijeni, hivyo molekuli zake haziungani kwa bondi za haidrojeni (mvuto kati ya molekuli moja na nyingine). Ethanoli inayo moja, maji yanazo mbili, ndiyo maana molekuli za maji hushikana zaidi.

Tumia spiriti ya asilimia 95. Ile ya 70 huacha umajimaji kwenye kioo na kuvuruga jibu. Zima feni, na moto uwe mbali. Tena hewa ya Dar ina unyevu mwingi, hasa msimu wa masika, kwa hiyo sehemu ya uchelewaji wa maji inatokana na hewa, si molekuli peke yake.

Kosa linalopoteza maksi kila mwaka ni kuandika kwamba maji yakichemka, bondi za O–H (za oksijeni na haidrojeni ndani ya molekuli) hukatika. Hapana! Molekuli huachana tu. Moli moja (kipimo cha idadi ya chembe) ya bondi hizo hudai kilojuli 463 hivi kukatika, wakati kugeuza moli moja ya maji kuwa mvuke huhitaji kama 41 tu. Zingekuwa zinakatika, sufuria ya chai ingetoa haidrojeni na oksijeni juu ya jiko linalowaka.