Hisa za Mgodi wa Shaba Uliolala: Somo la Kuhesabu Kabla ya Kununua

Kampuni inayomiliki mgodi wa shaba uliosimama haina shaba ya kuuza. Ina pampu za kutoa maji, walinzi getini, wahandisi wachache, ofisi na ada za leseni, na gharama hizo zote hudai kulipwa ilhali hakuna hata gunia moja la makinikia, yaani mchanga wa shaba uliochenjuliwa, linalotoka. Fedha hizo kwa kawaida hutoka kwa wanahisa, kwa njia ya kuuza hisa mpya mara kwa mara. Somo hili limejengwa juu ya jambo hilo moja, kwa sababu nimewaona wengi, nami nikiwa mmoja wao hapo zamani, wakihesabu tani za shaba zilizo ardhini na kusahau kuhesabu hisa.

Hatua ya kwanza: uliza mgodi ulifungwa kwa nini

Mgodi uliofungwa kwa sababu bei ya shaba ilianguka, huku mashapo, yaani shaba iliyo ardhini, yakiwa bado yapo na njia za chini zikiwa nzima, unaweza kufunguliwa bei inapopanda. Uliofungwa kwa sababu mbale nzuri, yaani mawe yenye shaba ya kutosha, zilikwisha ni mradi wa utafutaji wenye majengo ya zamani, hata kama kampuni inauita kwa jina lingine. Uliofungwa kwa ugomvi na wenye ardhi haufunguliwi na bei peke yake, hata ipande kiasi gani.

Mfano ulio wazi ni Panguna, katika kisiwa cha Bougainville, Papua New Guinea. Mgodi huo ulianza uzalishaji mwaka 1972 na ukasimama Mei 1989, baada ya manung'uniko ya wenye ardhi kuhusu uharibifu wa mito na mgawo mdogo wa mapato kugeuka vita. Hisa za Bougainville Copper Limited, kampuni ya mgodi huo, zimebaki katika orodha ya soko la hisa la Australia. Mwaka 2016 Rio Tinto, kampuni kubwa ya madini iliyokuwa na zaidi ya nusu ya hisa, iliziachia zote. Januari 2018 serikali ya Bougainville ilikataa kuhuisha leseni ya utafutaji ya Bougainville Copper. Mwaka 2024 ikaihuisha kwa miaka 5. Aliyenunua hisa hizo mwaka 1990 akiwa na umri wa miaka 30 alifika 64 leseni ilipohuishwa, na mgodi ulikuwa bado umelala.

Hatua ya pili: soma leseni, usisome kichwa cha habari

Tafuta aina ya leseni, tarehe ya kuisha, na masharti yake. Leseni ya utafutaji haimpi mtu haki ya kuchimba na kuuza. Angalia pia kama kampuni inamiliki mradi wote au sehemu tu, nani anadai mrabaha wa zamani, yaani fungu la mapato, na nani anabeba dhamana ya kurekebisha mazingira. Mabwawa ya tope na maji yenye asidi yaliyoachwa na mmiliki aliyetangulia huweza kuwa deni kubwa kuliko thamani ya mitambo yote.

Hatua ya tatu: pima tani kwa mizani ya wataalamu

Taarifa za mashapo hutenganisha rasilimali na akiba. Rasilimali ina madaraja matatu: ile inayokisiwa, iliyoonyeshwa na iliyopimwa. Akiba ni ile sehemu iliyothibitika kwamba inaweza kuchimbwa kwa faida. Kampuni yenye rasilimali inayokisiwa peke yake haijafika popote, na makadirio ya enzi za mgodi wa zamani, hata yakiwa yameandikwa na wahandisi hodari, hayahesabiki mpaka yachorongwe na kuthibitishwa upya. Ukali wa kanuni hizi una chanzo chake. Mwaka 1997 iligundulika kwamba dhahabu iliyotangazwa na kampuni ya Kanada ya Bre-X huko Busang, Indonesia, haikuwepo kwa sababu sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje, na Kanada ikaweka kanuni zake mpya za taarifa za madini mwaka 2001.

Hatua ya nne: fanya hesabu ya tani moja ya mbale

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo. Tuseme kampuni inatangaza tani milioni 20 za mbale zenye shaba asilimia 1.2. Mwekezaji mpya huzidisha, anapata tani 240,000 za shaba, anazidisha tena kwa dola 9,000 kwa tani, anapata zaidi ya dola bilioni 2, kisha anatazama kampuni yenye thamani ya dola milioni 20 sokoni na moyo unaanza kumdunda.

Sasa chukua tani moja tu ya mbale hizo. Ina kilo 12 za shaba. Kiwanda cha kuchenjua kikikamata asilimia 88, zinabaki kilo 10.56 ndani ya makinikia. Mwenye tanuru halipi shaba yote iliyomo. Akilipa asilimia 96, unalipwa kwa kilo 10.1 hivi, na kwa dola 9 kwa kilo hiyo ni dola 91. Ikiwa kuchimba chini ya ardhi, kuchenjua, kusafirisha, kuyeyusha na kuendesha ofisi kunagharimu dola 80, zimebaki dola 11 kabla ya mrabaha, kodi, riba na marejesho ya mtaji. Shaba ikishuka hadi dola 8,000 kwa tani, mapato ni dola 81 na kilichobaki ni dola 1. Ikipanda hadi 10,000, kilichobaki ni dola 21. Bei imesogea kwa sehemu moja ya tisa tu, lakini faida imekaribia kufutika au imekaribia maradufu. Hiyo ndiyo sababu migodi ya namna hii hulala, na hiyo hiyo ndiyo sababu hisa zake huruka.

Namba hizi nimezipanga kwa ajili ya mfano. Za mradi wako zitafute katika ripoti ya upembuzi yakinifu, na uangalie bei ya shaba iliyotumika humo. Kama mradi unapata faida kwa bei ya juu kuliko bei ya leo tu, basi kampuni inakuuzia utabiri.

Hatua ya tano: hesabu hisa

Kampuni yetu ina hisa milioni 400 zinazouzwa kwa senti 5. Ikitumia dola milioni 2 kwa mwaka kwa miaka 3 kuutunza mgodi, na fedha hizo zikitokana na hisa za senti 5, inaongeza hisa milioni 120. Kuufungua kunahitaji dola milioni 150. Benki zinatoa 90 na 60 zinatafutwa sokoni. Hisa nyingi kiasi hicho hazinunuliwi bila punguzo, kwa hiyo zinauzwa kwa senti 4, nazo ni hisa milioni 1,500. Jumla imefika milioni 2,020.

Mgodi ukifunguka salama na wanahisa wote kwa pamoja wakawa na thamani ya dola milioni 200, kila hisa ni karibu senti 10. Aliyegawanya milioni 200 kwa hisa milioni 400 za awali alikuwa akisubiri senti 50. Huyo na yule aliyehesabu hisa mpya wote wawili walikuwa sahihi kuhusu shaba.

Ili kujua umbali wa toleo lijalo la hisa, fungua taarifa ya robo mwaka ya mtiririko wa fedha. Kampuni za utafutaji zilizoorodheshwa Australia hulazimika kuonyesha fedha iliyopo itatosha robo ngapi za mwaka kwa kasi ya matumizi ya sasa. Ukikuta chini ya mbili, jiulize kama ni lazima ununue leo, au unaweza kusubiri wauze hisa mpya ndipo ununue kwa bei hiyo hiyo au chini yake.

Hatua ya sita: kufunguka si kufika

Mgodi wa Pumpkin Hollow, jimbo la Nevada, Marekani, ulisimamishwa mwaka 2022, ukatafutiwa fedha mpya na kuanza tena kuchenjua mwaka 2023. Juni 2024 kampuni yake, Nevada Copper, iliomba ulinzi wa mahakama chini ya sheria ya ufilisi. Wadai hulipwa kwanza na mwanahisa husimama mwisho wa foleni, kwa hiyo mkopo mkubwa unaowafurahisha wanahisa siku ya kutangazwa ndio unaoweza kuwafuta.

Kuhusu kununua kwenyewe sina mengi. Weka fedha ambayo ikipotea yote haitabadili maisha yako, mpe dalali bei ya ukomo, yaani bei ya juu kabisa unayokubali kulipa, kwa sababu ukwasi wa hisa hizi ni mdogo, wanunuzi na wauzaji ni wachache, na andika kabla ya kununua ni tukio gani litakufanya uuze.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, bei ya shaba imepanda mwaka mzima lakini hisa yangu haijasogea. Kuna nini?

Jibu: Angalia vyeti vya haki ya kununua hisa ambavyo kampuni iliwagawia walioshiriki matoleo yaliyopita. Kama kuna vyeti milioni 100 vyenye bei ya senti 6, kila hisa inapopita senti 6 wenye vyeti wanavitumia kununua hisa kwa senti 6 na kuziuza. Idadi yao imeandikwa katika maelezo ya taarifa za fedha, mara nyingi kurasa za nyuma kabisa.

Swali: Kampuni imetia saini makubaliano ya awali na mnunuzi mkubwa wa makinikia. Je, hiyo si dalili kwamba fedha inakuja?

Jibu: Ndugu yangu, tafuta mambo mawili katika tangazo hilo: kiasi cha fedha kilichokwisha kulipwa, na neno linalosema makubaliano hayo yanawafunga wahusika. Kukiwa hakuna hata kimoja, ni mazungumzo. Na ikiwa mnunuzi ametoa mkopo, uliza ameshikilia nini kama dhamana.

Swali: Biashara ya hisa imesitishwa sokoni. Nimepoteza?

Jibu: Si lazima. Kampuni huomba kusitishiwa biashara kwa muda mfupi inapoandaa tangazo, na aghalabu tangazo lenyewe ni toleo la hisa. Usitishaji wa miezi, hasa unaotokana na kuchelewesha hesabu zilizokaguliwa, ni habari nyingine. Hapo huwezi kuuza hata ukitaka, na kampuni inaweza kuondolewa kabisa kwenye orodha.

Swali: Nilikuwa na hisa 100,000. Jana nimekuta 2,000 kwenye akaunti, na bei imepanda mara 50. Nimedhulumiwa?

Jibu: Hapana, hisa zimeunganishwa, kila 50 zimekuwa 1, na sehemu yako ya kampuni ni ile ile. Lakini kampuni haifanyi hivyo kwa kupenda namba ndogo. Hisa ya nusu senti ni ngumu kumuuzia mwekezaji mkubwa, ila ya senti 25 inauzika. Soma ajenda ya mkutano uliopitisha uunganishaji huo. Mara nyingi azimio linalofuata ni la kuwapa wakurugenzi ruhusa ya kutoa hisa mpya, na limeandikwa ni ngapi.